Kitabu kilichotupa aljebra kina hesabu za watumwa ndani yake (uzi mrefu)

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu. Atakayechoka apumzike, arudi kesho.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa barazani tunakunywa kahawa baada ya alasiri, ukazuka ubishi. Mmoja alishikilia kwamba kila kitu tunachotumia leo, kuanzia simu hadi hospitali, asili yake ni Waislamu, na Wazungu waliiba tu. Mwingine akamjibu kwamba hao Waarabu hawajaleta lolote duniani ila minyororo. Wakapandishiana sauti mpaka kahawa ikapoa. Mimi nilinyamaza. Nafundisha hesabu sekondari mwaka wa kumi na tano sasa, na pale nilikuwa na kitabu kimoja kichwani kinachowajibu wote wawili, lakini mambo yake hayasemeki kwa kupigiana kelele. Ndiyo nimekuja kuyaandika hapa.

Kitabu hicho kiliandikwa Baghdad enzi za khalifa al-Ma'mun, aliyetawala mwaka 813 hadi 833. Mwandishi wake ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Neno moja kwenye jina la kitabu, al-jabr, ndilo aljebra. Na jina la mwandishi mwenyewe, lilipopitia midomo ya wasomi wa Kilatini, ndilo lililozaa algorithimu, neno ambalo leo kila kijana anayelalamikia mitandao ya kijamii analo mdomoni.

Al-Khwarizmi hakuwa na x. Hakuwa na alama ya kujumlisha wala ya sawasawa. Aliandika kila kitu kwa maneno. Namba asiyoijua aliiita "kitu", au "mzizi". Mzizi ukizidishwa kwa wenyewe, aliuita "mal". Ndiyo, ni mali hii hii tunayoisema sisi. Hesabu yake mashuhuri kuliko zote inasema hivi: mali na mizizi yake kumi ni sawa na dirhamu 39. Mzizi ni ngapi?

Darasani nafuta ubao wote. Nachora mraba ambao hatuujui upande wake, hiyo ndiyo mali. Mizizi kumi naigawa mara mbili, tano na tano, naipachika kama mistatili miwili, mmoja ubavuni, mwingine chini. Sasa tuna umbo linalokaribia kuwa mraba mkubwa, ila kona moja imekatika. Hiyo kona ni tano kwa tano, yaani 25. Tunaiziba. Tulikuwa na 39, tumeongeza 25, imekuwa 64. Mraba wa 64 upande wake ni 8. Tukitoa zile tano tulizopachika, inabaki 3. Mzizi ni 3, mali ni 9. Hakikisha: 9 na 30 ni 39.

Kila mwaka yupo mwanafunzi wa dawati la nyuma, ambaye tangu muhula uanze hajanyanyua mkono, anayesema kwa sauti, "Kumbe ni kiraka tu!" Ni kiraka kweli. Neno lenyewe al-jabr Waarabu walilitumia pia kwa kazi ya kuunga mfupa uliovunjika. Miaka mia kumi na mbili imepita na mchoro ule bado unamfungua mtoto macho, na mimi kila mara nasisimka kana kwamba nimeuona mara ya kwanza.

Hayo ndiyo wengi wanayoyajua. Wasiyoyajua ni kwamba karibu nusu ya kitabu kile ni mirathi. Mwenyewe anasema mwanzoni kwamba anawaandikia watu kile wanachokihitaji katika mirathi na wasia, kugawana mali, mashauri na biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Hakukusudia mtihani wa kidato cha nne. Alimkusudia kadhi, mfanyabiashara na mpima mashamba.

Mimi hili nililiona kabla ya kumjua al-Khwarizmi. Babu yangu alipofariki nilikuwa darasa la sita. Alipokwisha kusomewa hitima, shekhe alikaa ukumbini na daftari la shule, langu mimi, akaliweka juu ya goti. Babu aliacha mke mmoja, watoto wa kiume wawili, wa kike watatu, na minazi 96. Shekhe akaandika: mke, thumni, yaani sehemu moja ya nane. Kinachobaki, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Jumla, pamoja na la mke, mafungu manane, kila fungu minazi 12. Bibi 12, shangazi zangu 12 kila mmoja, baba na baba mdogo 24 kila mmoja. Haikuzidi dakika tano. Hakuna aliyenyanyua sauti. Shangazi mkubwa ndiye aliyemuuguza babu miaka minne, naye alipata 12 zake. Hakuna ndugu aliyeweza kumpunguzia hata mnazi mmoja, na hakuna aliyeweza kumwongezea isipokuwa kwa hiari. Yote mawili nayakumbuka, na daftari lile ninalo mpaka leo.

Sasa fungua mlango wa mwisho mwisho wa kitabu cha al-Khwarizmi. Utakuta hesabu za mtu aliye katika ugonjwa wa kifo anayemwacha huru mtumwa wake. Hesabu za mtu aliye hoi kitandani aliyempa mwenzake kijakazi, na yule aliyepewa akamwingilia, itakuwaje thamani yake. Ziko nyingi, na si za pembeni. Ni sehemu ya kazi, zimefanywa kwa utulivu ule ule wa mraba na kiraka. Kile "kitu" kisichojulikana, ambacho kwa watoto wangu ni urefu wa uzio, humo ndani kinapimwa kwa bei ya binadamu.

Mzee aliyesema yote yametoka kwetu, na yule aliyesema haikuja ila minyororo, wote wawili wamo kwenye kitabu kimoja, mkono mmoja, wino mmoja. Ndicho ninachotaka tukizungumze.

#2 Mleta mada (inaendelea)

Niongeze kuhusu Basra, kwa sababu hapo historia hii inatugusa sisi wa pwani hii moja kwa moja.

Karne ya tisa, kusini mwa Iraq kulikuwa na ardhi kubwa ya mabwawa, juu yake kumeganda tabaka la chumvi. Matajiri walitaka kulima. Waliomwaga jasho kuukwangua ule ukoko na kuurundika mavilima walikuwa watumwa, wengi wao wakiitwa Zanj, jina lile lile lililoacha alama katika neno Zanzibar. Al-Tabari, mwanahistoria aliyeishi wakati huo huo, anaeleza kwamba chakula chao kilikuwa unga kidogo na tende. Wanahistoria wanabishana ni wangapi hasa walitoka Afrika Mashariki na wangapi sehemu nyingine za bara letu. Jina hilo Waarabu walilitumia kwa upana.

Mwaka 869 waliasi, na vita haikwisha ila mwaka 883. Miaka kumi na minne. Mwaka 871 waliiteka Basra na kuichoma. Walijenga mji wao, al-Mukhtara, wakaitingisha moja ya dola kubwa za wakati ule. Kiongozi wao, Ali bin Muhammad, hakuwa Mzanj, na wala hakupinga utumwa. Aliwaahidi wafuasi wake kwamba na wao watamiliki watumwa, na kambini kwake mateka waliuzwa. Naliandika hili ingawa linaniuma, maana nilipolisoma nilitamani sana liwe vingine.

Na katika mji huo huo wa Basra aliishi al-Jahiz, mmoja wa waandishi hodari kuliko wote wa lugha ya Kiarabu. Inasimuliwa kwamba babu yake alikuwa mtu mweusi. Aliandika risala nzima ya kuwatetea watu weusi na kutaja fahari zao. Ndani yake Wazanj wanapewa nafasi ya kusema wenyewe, na wanawaambia Waarabu: nyinyi hamjatuona sisi, mmewaona mateka tu. Humo mnatajwa Qanbalu, mahali ambapo watafiti wengi wanapahusisha na Pemba. Al-Jahiz alifariki kati ya mwisho wa 868 na mwanzo wa 869, miezi michache kabla uasi haujalipuka nje ya mji wake.

Yaani kalamu iliyowatetea ilikuwapo. Ilikuwa maili chache kutoka kwenye mabwawa ya chumvi. Haikumtoa hata mmoja mle.

#6 Mchangiaji

Mkuu umeandika vizuri ila unawapa sifa zisizo zao. Hao walitafsiri tu vitabu vya Wagiriki na Wahindi. Hata hizo namba si zao, ni za Wahindi. Walichobuni ni nini?

#7 Mleta mada

Asante mkuu. Namba ni za Wahindi, kweli kabisa, na al-Khwarizmi mwenyewe hakuficha. Kitabu chake kingine alikiandika kuhusu hesabu za Kihindi. Sifuri yetu tumeipata kwa Waarabu, nao fikra yake waliipata India.

Ila neno "tu" katika "walitafsiri tu" silikubali. Chukua Hunayn bin Ishaq. Huyu alikuwa Mkristo, mzaliwa wa al-Hira, na ndiye mfalme wa watafsiri wa Baghdad. Aliandika risala akiorodhesha vitabu vya Galen, tabibu wa kale wa Kigiriki, alivyovishughulikia yeye na wenzake, ni zaidi ya mia moja, na anaeleza alivyofanya kazi: hakutafsiri nakala moja ya Kigiriki, alikusanya kadhaa, akazilinganisha mstari kwa mstari mpaka apate maneno sahihi. Kitabu kimoja alikisaka Iraq, Sham, Palestina na Misri mpaka Alexandria, na baada ya safari yote hiyo alipata karibu nusu yake tu, huko Damascus. Sisi leo tunashindwa kutafsiri kitabu cha fizikia cha kidato cha kwanza kikasomeka.

Na Thabit bin Qurra alikuwa Msabii wa Harran, si Mwislamu. Maktaba zile zilijengwa na Waislamu, Wakristo, Wayahudi, Wasabii, Waajemi waliosilimu juzi. Ndiyo maana nasema ustaarabu wa Kiislamu, sisemi Waislamu peke yao. Kilichowawezesha zaidi, naamini, ni karatasi. Utengenezaji wake ulitoka China ukapitia Samarkand, na mwisho wa karne ya nane Baghdad ilikuwa na kiwanda chake. Ngozi ilikuwa ghali, karatasi ikawa rahisi, wauza vitabu wakajaza soko. Tazama maneno yetu wenyewe: kalamu na karatasi tumeyachukua kwa Waarabu, nao asili yake wameitoa kwa Wagiriki. Falsafa vilevile. Maneno yanasafiri mkono kwa mkono kama jahazi la tende.

Kuhusu kubuni: Wagiriki wengi, Euclid na Ptolemy wakiwamo, walisema jicho hutoa miale ikaenda kugusa kitu ndipo tukaona. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra hiyo hiyo karibu mwaka 965, akasema hapana, mwanga hutoka kwenye kitu ukaingia jichoni, na hakusema kwa kukisia, alijifungia kwenye chumba chenye giza na tundu, akazipanga taa nje, akiziba moja moja na kutazama doa lipi la mwanga linapotea ukutani. Ibn al-Nafis, karne ya kumi na tatu, alimkosoa Galen waziwazi kuhusu damu: haipenyi ukuta wa moyo kutoka chumba cha kulia kwenda cha kushoto, inazunguka kupitia mapafu. Hayo hayakuwa ya kutafsiri.

Jambo moja nikubaliane nawe: ile Nyumba ya Hekima ya Baghdad, tunayoambiwa ilikuwa kama chuo kikuu chenye wasomi wa kila aina, ushahidi wake ni mwembamba kuliko sifa zake. Wanahistoria kadhaa wanaona ilikuwa maktaba ya ikulu. Kazi kubwa ya kutafsiri ililipiwa na watu binafsi pia, matajiri, matabibu, na ndugu watatu wa Banu Musa.

#10 Mchangiaji

Sheikh, mimi nimesoma kwamba al-Ghazali ndiye aliyeua sayansi kwa Waislamu. Alipoandika kile kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa ndiyo mwisho. Unasemaje?

#11 Mleta mada

Mimi si sheikh, ni mwalimu wa hesabu.

Al-Ghazali alikiandika kitabu hicho mwaka 1095. Kama aliua, maiti ilitembea miaka mia kadhaa. Nasir al-Din al-Tusi alijengewa kituo cha nyota Maragha kuanzia mwaka 1259, tena na Wamongolia, wale wale waliouchoma Baghdad mwaka mmoja kabla. Karne ya kumi na nne, Ibn al-Shatir, aliyekuwa mtunza nyakati za sala kwenye msikiti mkuu wa Damascus, alitengeneza mfumo wa mwendo wa mwezi unaofanana na ule ambao Copernicus, mwanaanga wa Ulaya, aliuchapisha mwaka 1543. Na al-Kashi huko Samarkand alikokotoa uwiano wa mzingo wa duara na kipenyo chake (pai) kwa usahihi wa tarakimu kumi na sita mwaka 1424. Halafu soma al-Ghazali mwenyewe: anasema anayedhani anaitetea dini kwa kukanusha hesabu za kupatwa kwa jua ameikosea dini. Alichokipiga vita ni falsafa ya mambo ya Mungu, si hesabu.

Lakini sitaki kumtetea mpaka niseme uongo. Kitabu hicho kinamalizika kwa kusema kwamba wanafalsafa wana makosa matatu yanayomtoa mtu katika Uislamu, na adhabu ya kuritadi kila mtu aliijua. Mlango ule ukifunguliwa, unaingiwa na wengi. Ibn Rushd, kadhi wa Cordoba aliyemjibu al-Ghazali hoja kwa hoja, mwaka 1195 alifukuzwa na mtawala wake akapelekwa Lucena, na vitabu vyake vya falsafa vikachomwa. Alirudishiwa heshima karibu na kufa kwake, mwaka 1198. Huko Ulaya walimsoma kwa bidii kiasi kwamba walimwita "Mfafanuzi", wakimaanisha mfafanuzi wa vitabu vya Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, bila hata kutaja jina.

Na msidhani waliotesa ni upande mmoja. Al-Ma'mun, khalifa yule yule wa vitabu vya Kigiriki, mwaka 833 alianzisha mahojiano ya kuwalazimisha makadhi na wanazuoni wakiri kwamba Qur'ani imeumbwa. Ahmad bin Hanbal alikataa, akafungwa, na chini ya khalifa aliyefuata akachapwa viboko. Upepo ulipogeuka chini ya khalifa al-Mutawakkil, Hunayn wetu yule wa kulinganisha nakala naye alionja gereza na maktaba yake ikachukuliwa. Elimu yote ile ilining'inia kwenye mapenzi ya mtu mmoja ikulu. Akifa yeye, au akibadili mawazo, mwanazuoni hana pa kushika.

Ndiyo maana mimi nikiulizwa nini kiliua, naitazama zaidi Istanbul. Taqi al-Din alijengewa kituo cha nyota mwaka 1577, chenye vifaa vya kushindana na vya Tycho Brahe wa Denmark. Mwaka 1580 sultani huyo huyo aliyekijenga akaamuru kibomolewe. Na uchapaji wa vitabu vya Waislamu kwa herufi za Kiarabu mjini humo haukuanza mpaka Müteferrika alipopata kibali mwaka 1727 na kutoa kitabu cha kwanza mwaka 1729, wakati Ulaya ilikuwa inachapa tangu katikati ya karne ya kumi na tano. Piga hesabu ya vizazi vilivyopita hapo katikati.

#15 Mchangiaji

Kaka yangu, nakuheshimu kama mwalimu. Lakini mambo ya watumwa kuyaanika hivi ni kuwapa silaha maadui wa Uislamu. Wazungu waliobeba watu wetu kuvuka Atlantiki mbona huwataji? Dini ilihimiza kuwaacha huru. Funika ya ndugu yako Mungu akufunikie.

#16 Mleta mada

Ndugu yangu, nimekusoma mara tatu kabla ya kujibu.

Dini ilihimiza kuwaacha huru, kweli, ni kafara ya makosa kadhaa na ni thawabu kubwa. Na zile hesabu za al-Khwarizmi zenyewe ni ushahidi: watu walikuwa wanawaacha huru, kwa wingi wa kutosha kwamba kadhi alihitaji kanuni. Lakini soko halikufungwa. Aliyeachwa huru leo, mwingine alinunuliwa kesho kujaza nafasi yake, na huyo alitoka huku kwetu au kwingine. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimsifu sana sultani wake kwa ukarimu na uchamungu, na hapo hapo akaeleza kwamba alikuwa akivamia nchi ya Wazanj na kuteka nyara, akitoa khumsi yake, yaani sehemu moja ya tano, kama sharia inavyotaka. Sultani mwema, msikiti mzuri, na wenye kuvamiwa hawana jina.

Atlantiki ni habari kubwa na ya kutisha, na uzi wake upo. Deni la jirani halilipi la kwangu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, hali ya utumwa ikaondolewa kisheria mwaka 1897, na vyote viwili vilikuja kwa shinikizo la Waingereza, si kwa fatwa kutoka kwetu. Bibi mzaa bibi yangu anaweza kuwa alizaliwa kabla ya hapo. Kuna familia hapa mjini ambazo mpaka leo, posa ikija, wazee wanaulizana kwa sauti ya chini, "Huyu ukoo wake ni wa nani?" na wote waliokaa ukumbini wanajua swali hilo lina maana gani. Nimelisikia likiulizwa kuhusu mtu ninayempenda.

Na wanazuoni wetu wakubwa hawakufunika. Al-Biruni aliishi chini ya Sultan Mahmud wa Ghazni, aliyeivamia India mara nyingi. Al-Biruni alijifunza Kisanskriti, akaandika kitabu kuhusu Wahindi kwa haki ambayo wachache wameifikia, na ndani yake akasema wazi kwamba Mahmud aliuharibu ustawi wa nchi ile na watu wake wakawa kama vumbi lililotawanyika kila upande. Aliyaandika hayo akiwa mtu wa dola hiyo hiyo. Kama yeye hakuona kuwa anampa adui silaha, mimi ni nani?

Ahmad Baba wa Timbuktu ndiye anayenisumbua kuliko wote. Mwanazuoni wa Kiislamu, maktaba yake ilikuwa na vitabu zaidi ya elfu. Wamoroko walipoiteka nchi yake mwaka 1591, baadaye walimkamata na kumpeleka Marrakesh akiwa mfungwa. Waislamu wakamfunga Mwislamu. Aliporudi kwao, mwaka 1615 aliandika jibu kuhusu utumwa: weusi si sababu ya kumfanya mtu mtumwa, na anayedai kuwa huru katika watu wa nchi za Kiislamu aaminiwe. Wengi wa wakati wake hawakudiriki kusema hivyo. Kisha ukiendelea kusoma unakuta mpaka wake: asiye Mwislamu, vita vikimfikia, huyo akubalika kuwa mtumwa. Alifika pale, akasimama. Pingu alizivaa mwenyewe, akajua uzito wake, na bado hakufikiri kwamba zisiwepo kabisa. Mwanahistoria Ibn Khaldun naye alikataa ile hadithi ya laana ya Ham, kwamba watu weusi walilaaniwa kupitia mwana huyo wa Nuhu, akasema rangi inatokana na joto la nchi, na ukurasa mwingine akawaandika watu weusi maneno ambayo siwezi kumsomea mwanangu. Nampenda Ibn Khaldun. Nimemsoma kuliko wengi. Maneno yale yapo.

#21 Mchangiaji

Mwalimu, mimi si wa dini wala historia, mimi fundi umeme tu ila hesabu nazipenda. Umesema zile hesabu za watumwa mara mbili lakini hujatuonyesha hata moja. Zinafanyikaje? Tuwekee moja tuione.

#22 Mleta mada

Umenishika pazuri, fundi. Naweka moja ya aina hizo, kwa namba nyepesi. Fuateni polepole.

Mtu yuko katika ugonjwa wa kifo. Hana mali yoyote ila mtumwa mmoja, bei yake dirhamu 300. Anamwacha huru. Sharia inasema mgonjwa wa kifo hawezi kutoa zaidi ya theluthi moja ya mali yake, theluthi mbili ni za warithi. Kwa hiyo mtumwa hawi huru wote bure: sehemu anasamehewa, iliyobaki ajilipie.

Sasa, kabla bwana hajafa, mtumwa anakufa yeye. Anaacha dirhamu 300 alizochuma, na binti mmoja. Binti anamrithi baba nusu, na nusu iliyobaki inamrudia bwana, kwa kuwa ndiye aliyemwacha huru. Hapa ndipo inapokaza: kinachomrudia bwana kinaongeza mali ya bwana, mali ikiongezeka theluthi inaongezeka, theluthi ikiongezeka msamaha unaongezeka, msamaha ukiongezeka kinachobaki kwa binti kinaongezeka, na kinachomrudia bwana kinaongezeka tena. Inazunguka. Kwa vidole huimalizi. Hapa ndipo "kitu" kinapohitajika.

Sema msamaha ni kitu. Mtumwa anajilipia 300 kutoa kitu. Katika dirhamu 300 alizoacha, baada ya kulipa hiyo, kinabaki kitu. Nusu ya kitu kwa binti, nusu ya kitu kwa bwana. Warithi wa bwana wanapata 300 kutoa kitu, wakiongeza nusu ya kitu, yaani 300 kutoa nusu ya kitu. Hiyo lazima iwe mara mbili ya msamaha, ndiyo zile theluthi mbili. Basi 300 kutoa nusu ya kitu ni sawa na vitu viwili. Sasa fanya al-jabr, unga mfupa: ile nusu iliyopungua irudishe, uiongeze pande zote. 300 ni sawa na vitu viwili na nusu. Kitu ni 120.

Hakikisha. Amesamehewa 120, amejilipia 180. Kimebaki 120. Bwana 60, akijumlisha na 180, warithi wake wanapata 240, mara mbili ya 120. Imekaa sawa.

Na yule binti anapata dirhamu 60.